Walivyoikumbuka Jumatano

Maji yalikuwa yamefika kwenye mafiga. Jedidah aliyakuta pale alfajiri, yametulia, yamebeba majani makavu na magamba ya samaki, na jivu la jana limegeuka uji. Tangu Krismasi hii ilikuwa mara ya nne kuhamisha jiko. Kila alipolihamisha alijikuta amesogea hatua moja karibu na kaburi la mumewe, kwa kuwa hapakuwa na kwingine kwa kusogea: mbele ziwa, nyuma ua wa shamba la diwani, na katikati yeye, watoto wawili, mama mkwe, na turubai moja la plastiki lililotobolewa na jua.

Alibeba jiwe la kwanza akaliweka. Akabeba la pili. La tatu lilimponyoka likamwangukia kidole cha mguu, akatamka neno ambalo mke wa mtu hatamki mbele ya mama mkwe. Kisha akakumbuka kwamba leo ndiyo siku ambayo serikali ingeamua kama yeye bado ni mke wa mtu au ni mjane, na kwa muda huo mfupi alikuwa huru kutukana atakavyo.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Novemba ya mwaka 1997, mvua ya El Nino ilipokuwa imeshavimbisha kila kijito kutoka Migori hadi Mbita, dhoruba ilitoka ziwani Jumatano moja alasiri ikaupiga ufuko wa Rapora kwa muda usiotosha kuivisha maharagwe. Nyumba kumi na tisa zilianguka. Watu walikimbilia shule ya msingi iliyo juu mlimani wakalala madarasani, na huko ndiko karani wa wilaya alikowakuta alipokuja kuandika orodha. Kila aliyepoteza nyumba angepewa kiwanja kwenye mwinuko, karibu na barabara ya Kisegi, na mabati ya kuezekea. Ufuko wote ungehamwa. Vigingi vyenye rangi nyekundu vilikuwa vimeshapigwa ardhini, kimoja hatua mbili tu kutoka kaburini.

Jedidah hakuwamo kwenye orodha kwa sababu hakuwamo shuleni. Mwanamke aliyezika mume haingii mahali watu wengine wanapolala kabla hajafanyiwa mila za kumtoa msibani. Akiingia, huingia na kifo mkononi. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Risper, mama mkwe wake, alimtazama tu alipomwona anafunga godoro, na Jedidah akalifungua. Basi wenzake walihesabiwa wakiwa pakavu, naye akasahauliwa akiwa palepale dhoruba ilipomwacha.

Alipokwenda kuuliza, chifu alimwambia kiwanja huandikwa kwa jina la mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni nani? Frankline. Frankline yuko wapi? Alikufa maji. Kibali cha mazishi kiko wapi? Akaenda kituo cha polisi kutafuta kibali, akaambiwa kibali hutolewa kwa mwili, na mwili hakuwa nao. Alikuwa ameutafuta kwa miguu yake, ufuko kwa ufuko, mpaka Muhuru Bay, akiwauliza wavuvi wa pande zote mbili za mpaka, akirudi na pole tu. Mwishowe chifu alikata shauri: majirani waje barazani waseme walichokiona. Wakisema Frankline alizama, karani ataandika "marehemu", mjane atapata kiwanja. Wasiposema, mume hayupo tu, na kiwanja kitamngoja mwenyewe arudi.

Jedidah alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Ushahidi gani mwepesi kuliko huo? Ufuko mzima ulikuwepo.

*

Jua lilikuwa halijapanda sana Nyasuguta alipoteremka kutoka shuleni na kopo la uji. Nyasuguta alikuwa Mkuria, ameolewa Rapora na mwanamume ambaye kifua kilikuwa kimemlaza mwaka wa pili sasa. Nyumba yake na ya Jedidah ziligusana mapaa kabla ya dhoruba kuyachukua yote mawili.

"Nyar Karungu, uko?" aliita, akimtaja Jedidah kwa jina la alikozaliwa.

"Nitakuwa wapi pengine?"

"Nimeletea watoto uji. Ni ile unga ya msaada, iko na mawe kidogo." Aliweka kopo chini, hakukaa. "Leo watakuita saa ngapi?"

"Wakimaliza chai yao. Wewe umejipanga kusema?"

Nyasuguta alishika ncha ya leso yake akaifunga fundo, akaifungua. "Jana diwani alikuja kambi. Alikaa na sisi mpaka jioni. Alisalimia kila mtu kwa jina, hata Mourine wangu, akamshika kichwa."

"Alitaka nini?"

"Alisema tu tukumbuke vizuri. Eti mtu akikumbuka vibaya, orodha inaweza kuandikwa upya."

Jedidah aliacha kuchochea moto.

"Mimi ni mtu ya kuja hapa," Nyasuguta akasema, akiangalia maji. "Bwana yangu hawezi inua jembe. Wakinitoa kwa hiyo orodha, nitarudi kwetu na nani?"

"Ulikuwa na mimi chini ya mtumbwi, Nyasuguta."

"Nilikuwa."

"Ni meno ya nani haya?" Jedidah alivuta gauni begani. Alama zilikuwepo, nusu duara, zimeanza kung'aa kama makovu yote yanavyong'aa. Nyasuguta aliziangalia, akaokota kopo likiwa bado na uji, akapanda mlima.

*

Hivi ndivyo ilivyokuwa Jumatano ile, kabla haijaanza kukumbukwa.

Saa tisa alasiri ziwa lilikuwa shwari kupita kiasi. Wanawake walikuwa wakikusanya omena, dagaa wa ziwani, waliyoianika juu ya nyavu, kwa sababu upande wa Tanzania mbingu zilikuwa nyeusi tii na ndege wote walikuwa wameondoka juu ya maji. Cephas, fundi wa mitumbwi, alikuwa akifunika vifaa vyake. Phelesia, ambaye omena yake ilikuwa nyingi kuliko ya wote, alikuwa akiwagombeza watu wamsaidie. Nyasuguta na Jedidah walishika wavu mmoja, huyu huku, yule kule.

Ndipo pikapu ya diwani ilipoteremka.

Diwani Javan alikuwa na boti sita. Ile kubwa, yenye injini mpya, ilikuwa imetiwa nanga mbali kidogo na ufuko, na Frankline, mume wa Jedidah, ndiye aliyekuwa nahodha wake. Diwani hakushuka. Alifungua kioo nusu akamwita.

"Lete injini."

"Mheshimiwa, yamo rach," Frankline alisema. "Upepo ni mbaya. Tungoje upite, tutaitoa."

"Injini itangoja?"

"Boti iko na nanga mbili. Haiendi mahali."

"Frankline." Diwani hakupandisha sauti, hakuwahi kuwa na haja ya kuipandisha. "Hiyo injini ikienda chini, wewe na bichi hii mmeachana. Boti yangu hutashika tena, na ya mtu mwingine hutashika. Sasa nenda."

Watu wote waliokuwa na omena mikononi walisikia. Frankline alivua shati lake la bluu, akalikunja vizuri kama mtu anayetarajia kulivaa tena, akampa mkewe. Akaingia majini. Walimwona anaogelea, walimwona anashika ukingo wa boti, walimwona amesimama ndani yake anafungua skrubu za injini. Kisha upepo ukaja.

Jedidah alikimbiza watoto chini ya mtumbwi mbovu uliokuwa umepinduliwa kwa ajili ya kuzibwa matobo. Nyasuguta aliingia nyuma yake na Mourine. Kwenye ufa wa mbao, kabla mchanga haujamjaa machoni, Jedidah aliiona boti kubwa inanyanyuka, imesimama wima, na hapakuwa na mtu ndani. Nyasuguta aliona naye, kwani ufa ulikuwa mmoja na nyuso zao zilikuwa shavu kwa shavu. Ndipo alipomng'ata begani, asipige kelele watoto wakasikia.

Pikapu ilikuwa imeshageuza.

*

Baraza lilifanyika katika darasa la sita, ambalo dhoruba ilikuwa imeliachia nusu ya paa. Kwa kuwa watu walikuwa wakilala humo, Jedidah alisimama nje, dirishani, akashika nondo. Mbele waliketi chifu, diwani Javan aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msaada, na karani Kerosi, kijana wa Kisii aliyevaa buti za mvua na kubeba faili ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa sababu yake mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili, na ninaamini ilikuwa nafuu kwa mashahidi. Ni rahisi zaidi kusema jambo kama hilo kwa lugha ambayo hukulelewa nayo.

Cephas alianza. Mzee huyu, apewe haki yake, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu.

"Mimi nilisikia kwanza," alisema. "Sauti kama lori imebeba mchanga inapanda mlima, lakini mlima hakuna. Nikageuka nikaona nyakoi, ule mkia wa maji unashuka kutoka kwa mawingu, unazunguka. Nilihesabu bati za kanisa zikitoka, moja, mbili, mpaka tisa. Ya kumi ilikata mti wa mpapai hapa, kama kisu. Tezo yangu niliikuta kwa mahindi ya watu. Na kulikuwa na beberu ya Phelesia, upepo uliiweka juu ya ua, imekaa huko inatafuna, haina habari."

Watu wakacheka, na wengine walikuwa wakifuta macho. Kila mmoja alikuwa na lake la kuongeza: sufuria iliyopatikana mtini na ugali bado ndani, mlango uliokwenda na mtu aliyeushika, mvua iliyonyesha vidagaa. Karani Kerosi aliandika kwa bidii. Alikuwa mtu mwema kwa kiasi ambacho karani huruhusiwa.

"Na huyu Frankline," akauliza. "Ulimwona?"

Cephas aliangalia paa lisilokuwepo. "Frankline nilimwona Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Ile ya kabla. Alikuwa na begi."

Jedidah alidhani hakusikia vizuri. Frankline hakuwahi kumiliki begi maishani mwake.

"Jaduong'," alimwita mzee dirishani, "siku ya dhoruba si alikuja kwako kuazima msumeno?"

"Mama, utapewa nafasi," chifu akasema.

Phelesia naye alisimama. Alieleza omena yake ilivyopaa, kundi zima, ikang'aa hewani kama mvua inayorudi juu, na alivyoifuata akilia mpaka upepo ukamwangusha akavunjika jino. Alilionyesha pengo. Alikumbuka rangi ya mawingu, alikumbuka mdundo wa moyo wake. Kuhusu Frankline alikumbuka tu kwamba watu husema.

"Husema nini?" Kerosi akauliza.

"Eti ako na bibi mwingine Musoma. Mimi sijui. Watu husema."

Diwani alikuwa akichora duara kwenye meza kwa kidole. Hakumtazama mtu yeyote.

Kisha Nyasuguta. Alisimama amembeba Mourine, mtoto wa miaka saba, mkubwa mno wa kubebwa. Alieleza mtumbwi, giza lake, harufu ya lami, mchanga uliopiga mbao juu ya vichwa vyao, alivyohesabu kwa Kikuria mpaka namba zikamwishia akaanza upya. Alisema Jedidah aliwafunika watoto wote watatu kwa mwili wake, pamoja na huyu aliyembeba. Hapo alimbana Mourine kifuani, na hakuwa akiigiza.

"Kabla ya kuingia chini ya mtumbwi, ulimwona Frankline majini?"

"Nilikuwa nimefunga macho."

"Kabla ya dhoruba, mama. Mchana."

"Nilikuwa nimefunga macho," Nyasuguta alisema, akaketi.

Jedidah alitikisa nondo za dirisha. "Waulize pikapu ilikuwa ya nani! Waulize nani alimwambia alete injini!"

Diwani aliinua uso polepole, na uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Huyu mama ana uchungu, tumvumilie. Sote tuliumia. Mimi mwenyewe nilipoteza injini ambayo sijamaliza hata kuizoea." Akamgeukia karani. "Lakini Bwana Kerosi, si mama mwenyewe alisema kitu kuhusu kaburi?"

Kerosi alifungua faili. "Juzi ofisini nilimuuliza mume yuko wapi. Alisema, tumemzika nyumbani. Nimeandika hapa." Akatazama dirishani, akionekana kusumbuka kweli. "Mama, kama ulizika mwili bila kibali ni makosa. Kama hukuzika mwili, umeniambia uongo. Sasa ni gani?"

Hapo Jedidah alielewa kosa lake. Alikuwa ameulizwa mume yuko wapi akajibu kama mtu yeyote wa Rapora angejibu. Mtu akipotelea ziwani, jamaa huenda ufukweni wakamwita kwa jina lake, kisha huchuma yago, lile tunda refu zito la mwegea, wakalivika nguo zake, wakalilaza kaburini, wakalilia. Baada ya hapo amezikwa. Hakuna anayeuliza ndani ya kaburi mna nini, kama vile hakuna anayeuliza ndani ya msalaba mna nini. Haikumjia akilini kwamba kuna mtu atahitaji kuelezwa.

"Tulizika yago," alisema.

"Yago ni nini?"

Kerosi aliwatazama wote. Waliangalia sakafu. Chifu ndiye aliyejibu. Chifu huyohuyo ambaye siku ya mazishi alivua kofia, akatupa udongo kiganja kimoja, akamwambia Risper maneno mazuri.

"Ni tunda," chifu alisema. "Tunda la mti."

"Basi twende tuone," diwani akasema kwa upole. "Tusije tukaweka uongo kwenye karatasi ya serikali."

*

Waliteremka wote. Polisi wa utawala wawili walichimba, na mmoja wao, Monari, alivua kofia kwanza kisha akaona aibu akaivaa tena. Risper alikaa chini karibu na turubai akafunika kichwa kwa shuka. Hakulia wala hakulaani. Alisema tu, mara moja, kwa Dholuo, kwamba mwanawe anaamshwa na watu ambao hawakumlaza.

Jedidah alisimama amewashika watoto. Alikuwa na hasira iliyomfanya asikie baridi. Alitaka mmoja wao, mmoja tu, amtazame.

Udongo ulikuwa mbichi, haukuwachelewesha. Monari aliinama akainua kitu kilichofungwa kwenye shati la bluu. Kitambaa kilikuwa kimeoza mgongoni, lakini vifungo vilikuwa vimefungwa vyote, kama Jedidah alivyovifunga. Kerosi alikigusa kwa ncha ya kalamu, akakigeuza. Tunda lilikuwa limekauka, la kijivu, gumu kama gogo.

"Ni hili?"

"Ni yeye," Jedidah alisema.

Karani aliandika akiwa amesimama, faili juu ya mkono. Akasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: kwamba Frankline aliondoka kwa hiari yake kabla ya tarehe ya dhoruba, kwamba familia inasubiri kurejea kwake, kwamba kiwanja kitatengwa mara atakapofika ofisini yeye mwenyewe na kitambulisho. Akaelekeza kalamu kwenye tunda. "Na hiki?"

"Kielelezo," diwani akasema. "Kiende na gari."

Yago likapakiwa nyuma ya gari la serikali, shati likining'inia mkono mmoja. Majirani walisubiri gari lipotee, kisha nao wakatawanyika bila kuagana.

Jedidah alibaki na shimo.

Hapo ndipo jambo ambalo karani hakulifahamu lilipoanza kufanya kazi yake. Kaburi likishachimbwa halilazwi wazi. Jua likizama kaburi likiwa tupu, litamwita mtu wa kulijaza, na halichagui boma. Huita jirani kama linavyomwita mwenyeji. Kwa kawaida shina la mgomba lingetosha, lakini migomba yote ya Rapora ilikuwa imelala tangu Jumatano ile. Risper alijua hayo. Jedidah alijua. Na huko juu shuleni, wakiwa na vikombe vya chai ya diwani mikononi, watu zaidi ya kumi walijua pia.

Jua lilipogusa vilima vya visiwa, walishuka. Cephas alikuwa mbele, amebeba yago jipya begani, bado lina utomvu. Phelesia alileta leso yake mwenyewe, nzima, ya maua, akalifunga tunda bila kuuliza. Wanaume waliingia shimoni wakalipokea. Kisha wakaanza kulia, maana mtu hazikwi kimya.

Wakalia vizuri. Sitawadhulumu, walilia kwa mioyo yao. Kila mmoja alisimama ukingoni akasema na marehemu kama desturi inavyotaka, kwa Dholuo, kwa sauti ya kufika ziwani.

"Frankline, nahodha," Cephas alisema, "asubuhi ulikuja ukaazima msumeno, ukasema utarudisha kabla ya giza. Nilikuona ukiingia majini. Nilisema moyoni, kijana huyu asiende, na mdomo wangu haukufunguka."

"Ulivua shati ukalikunja," Phelesia alilia. "Alifungua kioo nusu, Frankline, nusu tu, akakutuma kwenye kifo kwa ajili ya chuma. Sote tulimsikia."

Nyasuguta hakujua Dholuo ya kilio, akalia kwa Kikuria. Lakini mikono yake ilionyesha: hapa mtumbwi, pale boti, imesimama hivi, wima, na ndani hapana mtu.

Jedidah aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine. Kila kitu kilikuwemo. Hawakuwa wamesahau hata skrubu. Alipomfikia Nyasuguta alimkaribia sana, shavu kwa shavu kama siku ile.

"Macho yamefunguka," alimwambia.

Nyasuguta alifunika mdomo kwa leso, akaendelea kulia ndani yake.

Udongo ulirudishwa, ukashindiliwa kwa miguu. Watu waliteremka kunawa ziwani, ambalo halikuwa mbali. Phelesia alisukutua mdomo, akatema pembeni, akamuuliza Cephas kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha:

"Lori ya mabati ni kesho ama kesho kutwa?"

"Kesho kutwa," Cephas alisema. "Diwani amesema tufike mapema."

*

Mwezi wa tatu maji yalipita mafiga, yakapita kigingi chekundu, yakaanza kuchimba upande wa miguuni pa kaburi. Jedidah alifua gauni lake, akapanda mlima kwenda ofisini kwa chifu. Njiani alipita viwanja vipya. Mabati yalikuwa mapya hivi kwamba yaliumiza macho. Nyasuguta alikuwa juu ya ngazi ya nyumba yake akikandika udongo ukutani. Alimwona, akageukia ukuta.

Ofisini alikaa kwenye benchi toka asubuhi. Palikuwa na upepo wa ziwani siku hiyo, ule unaopiga milango, lakini mlango wa ofisi haukupigwa. Ulikuwa umewekewa kizuizi chini, kitu cha kijivu, kirefu, kizito. Wageni walikiruka wakiingia, na walikisukuma kidogo kwa mguu wakitoka. Kitambaa cha bluu kilikuwa bado kimenasa upande mmoja, na kifungo kimoja.

Jedidah alikiangalia mpaka alipoitwa.

"Ni wewe tena," chifu alisema, bila ukali. Alikuwa amechoka, alikuwa na watu wengi. "Mama, nilikueleza ikaisha. Siwezi kukuandika peke yako. Si nilikuambia uje na mumeo?"

Upepo uliusukuma mlango, nalo tunda likauzuia.